Ajali moja, taarifa tatu: kisa cha kamyoneti na pikipiki mjini Lubumbashi

Majina ya watu, namba za gari, jina la barabara, hospitali na kampuni ya bima vimeondolewa. Saa zimeandikwa kama zinavyoandikwa kwenye karatasi za polisi, kwa hesabu ya saa 24.

Usuli

Duka la vifaa vya ujenzi lina kamyoneti ya kuwapelekea wateja saruji, mabati na nondo. Gari liliingia nchini kupitia Kasumbalesa, kwenye mpaka na Zambia, likiwa limeshatumika, na usukani wake uko kulia, kama magari mengi ya Lubumbashi, ingawa nchi hii ya Kongo tunaendesha upande wa kulia wa barabara. Karte roze, yaani kadi ya usajili wa gari, ilikuwa kwa jina la mwenye duka. Bima ilikuwa hai. Kontrole teknike, yaani cheti cha ukaguzi wa gari, ilikuwa imekwisha muda wiki tatu kabla. Dereva alikuwa na permi (leseni ya udereva) halali, na pembeni yake alikaa kijana wa kupakia mizigo, ambaye humu tutamwita msaidizi.

Upande wa pili kulikuwa na motari, yaani dereva wa pikipiki ya abiria, wa miaka 23 kwenye pikipiki ya kukodishwa, isiyo na bima. Nyuma alimbeba mama mmoja aliyekuwa akirudi kutoka sokoni. Motari hakuwa na kofia ngumu, wala mama hakuwa nayo.

Mambo yalivyofuatana

Ilikuwa Jumanne ya msimu wa mvua, saa 18:40, giza likianza kuingia. Kamyoneti ilipunguza mwendo ili ikate kushoto, itoke barabara kubwa na kuingia avenue ya mtaani. Pikipiki ilikuwa nyuma yake, ikaamua kuipita kwa kushoto pale pale kwenye njia panda. Gari lilipoanza kupinda, kona yake ya mbele kushoto iligonga pikipiki ubavuni. Motari alivunjika mguu chini ya goti. Mama alirushwa pembeni, akainuka mwenyewe na kujipangusa vumbi. Dereva alipomkimbilia alimjibu: "Miye niko muzuri, baba. Muangalie kwanza huyu mutoto."

Dakika tano hazijapita, watu walikuwa wamejaa, na motari wenzake walikuwa wanafika kutoka pande zote. Mmoja alishika ufunguo wa gari. Jiwe la kwanza lilipiga bodi. Msaidizi, ambaye hakuna aliyekuwa na hasira naye, alimwambia dereva: "Yaya, enda ku polisi, miye nabakia hapa." Dereva alipanda pikipiki nyingine na kwenda moja kwa moja kwenye kituo kidogo cha polisi, sous-ciat ya karibu, mwendo wa kilomita moja na nusu hivi. Kamanda aliandika kwenye rejista: saa 18:58, jina, namba ya permi, namba ya gari, mahali pa ajali, kwamba kuna majeruhi, na kwamba dereva ameondoka kwa kuhofia kupigwa na umati.

Kule nyuma, wapita njia walimwingiza motari kwenye taksi wakampeleka hospitali. Wengine waliisukuma kamyoneti hadi ukingoni kwa sababu msongamano ulikuwa umefika mbali. Pikipiki ilibebwa na wenzake wa motari. Msaidizi alipiga picha chache kwa simu yake: vioo vya taa vilivyomwagika, damu kidogo, pikipiki kabla haijaondolewa. Akachukua pia namba ya simu ya muuza unite (muda wa maongezi wa simu) aliyekuwa chini ya mwavuli wake hatua chache kutoka njia panda. Hakuna aliyeweka alama pale magurudumu yalipokuwa yamesimama.

Polisi wawili wa rulaji, yaani wa usalama barabarani, walifika saa 19:30. Walichora kroki, yaani mchoro wa ajali, kwa tochi, wakiandika kwamba gari limeshasogezwa. Dereva alilala kituoni, akahojiwa asubuhi, akaachiwa saa 11:00 kesho yake. Gari lilibaki mikononi mwa polisi.

Mwenye duka alifika hospitali saa 20:15. Hospitali ilidai malipo ya awali kabla ya kumgusa motari, naye akalipa dola 150. Risiti iliandikwa kwa jina la kaka wa motari, kwa kuwa ndiye aliyekuwa amesimama dirishani. Jumatano jioni walikaa pamoja nyumbani kwa familia. Mwenye duka alitoa dola 600, na ikaandikwa karatasi ya mkono: "Mimi mwenye gari nakubali kosa la dereva wangu, na familia haina tena deni lolote juu yangu." Alisaini yeye na huyo kaka. Motari mwenyewe alikuwa kitandani hospitali. Mama abiria hakuitwa na mtu yeyote. Hata jina lake halikuwa limeandikwa popote. Kwenye kroki alitajwa tu kama "abiria mwanamke, hakuumia".

Jumamosi mama alianza kutapika na kulalamika kichwa. Daktari alikuta damu imevuja ndani ya fuvu. Jumatano iliyofuata familia yake ilipeleka mashtaka parke, yaani ofisi ya mwendesha mashtaka: dereva amejeruhi, amekimbia, na hakusaidia mtu aliyekuwa hatarini. Alhamisi, siku ya tisa tangu ajali, barua ya kuitwa ilipofika dukani, ndipo mwenye duka alipoipigia simu kampuni ya bima kwa mara ya kwanza.

Maamuzi na sababu zake

Kuondoka mahali pa ajali. Kanuni ya barabara ya Kongo, sheria namba 78-022 ya tarehe 30 Agosti 1978, inamtaka dereva asimame, asaidie, ajitambulishe na asubiri polisi ikiwa kuna aliyeumia. Mkataba wa Vienna wa 1968, ambao nchi yetu iliuingia mwaka 1977, unasema hivyo hivyo kwenye kifungu cha 31: usibadilishe mahali pa ajali pasipo lazima, uwajulishe polisi, ubaki hapo au urudi, isipokuwa polisi wamekuruhusu kuondoka, au unalazimika kumsaidia majeruhi au kutibiwa wewe mwenyewe. Hofu ya umati haikutajwa. Lakini kosa la kukimbia linasimama juu ya nia: kuondoka ili kukwepa ukaguzi. Mtu anayetoka kwenye ajali akaenda kujiandikisha kwa polisi hakwepi ukaguzi, anauita. Dereva aliamua sawa, na sababu yake ilikuwa ya kweli. Ila ukweli huo ungebaki maneno matupu kama kamanda asingeandika saa.

Kulipa haraka na kupatana. Mwenye duka alifikiri kama wengi wanavyofikiri hapa: motari na kaka yake wakiridhika, kesi imekufa. Tena alitaka gari litoke polisi kabla ya Ijumaa, kwa sababu oda za saruji zilikuwa zinasubiri. Ni haraka inayoeleweka, na ndiyo iliyomgharimu.

Kutoijulisha bima. Alidhani bima huitwa pale kiasi kinapokuwa kikubwa. Mkataba wake, kwenye ukurasa ambao hakuna anayeusoma, ulimpa siku tano za kazi tangu kujua ajali. Kwa ajali ya Jumanne, siku ya tano ni Jumanne inayofuata. Yeye aliita Alhamisi, amechelewa siku mbili za kazi.

Matokeo

Parke ilifungua jalada, likapewa namba ya RMP, yaani ya rejista ya parke. Dereva alifika na wakili. Ofisa wa parke aliomba rejista ya sous-ciat iletwe, akaona saa 18:58, akamsikiliza msaidizi, na akaondoa shtaka la kukimbia pamoja na lile la kutomsaidia mtu aliye hatarini, ambalo Kanuni ya Adhabu inaliweka kwenye kifungu cha 66 ter. Lilibaki la kujeruhi bila kukusudia, vifungu vya 52 na 54. Jalada lilipelekwa mahakama ya amani (tribunal de paix), kwa kuwa ndiyo inayosikiliza makosa ambayo adhabu yake haipiti kifungo cha miaka mitano.

Mahakama iligawa kosa: theluthi mbili kwa dereva, kwa kukata kushoto bila kuhakikisha upande huo uko wazi, na theluthi moja kwa motari, kwa kulipita gari kwenye njia panda. Dereva alipewa faini bila kifungo. Mama abiria, ambaye hakuwa na kosa lolote, alipewa fidia nzima, sawa na dola 2.600. Motari naye alijitokeza kudai. Ile karatasi ya mapatano haikumfunga kwa sababu yeye ni mtu mzima, hakuisaini, wala hakuwa amempa kaka yake idhini. Alipewa sawa na dola 1.400 baada ya kukatwa theluthi yake. 600 zilizokwisha kulipwa zikaondolewa, zikabaki 800. Zile 150 za hospitali hazikuhesabiwa: risiti ilionyesha kaka ndiye aliyelipa.

Kampuni ya bima iliandika barua mbili. Ya kwanza ilikataa kila kitu kwa kuchelewa. Baada ya wakili kuonyesha kwamba siku mbili hazikuiharibia chochote, kwa kuwa PV (hati ya maelezo ya polisi) na kroki vilikuwepo tangu usiku wa kwanza, ilirudi nyuma na kumlipa mama. Kwa motari ilishikilia msimamo wake: mkataba unakataza kukiri kosa au kupatana bila kampuni ya bima kukubali. Kwa hiyo duka lilibeba 600, 150 na 800, jumla dola 1.550, na ada ya wakili juu yake.

Uchambuzi

Kuripoti ajali ni kazi tatu, na kila moja ina saa yake. Polisi huripotiwa papo hapo. Bima huripotiwa ndani ya siku za mkataba. Mwenye gari, kama si wewe unayeendesha, huripotiwa siku hiyo hiyo, kwa sababu kifungu cha 260 cha kitabu cha tatu cha Kanuni ya Madai kinamfanya ajibu kwa kosa la mtumishi wake. Kuifanya moja hakulipi deni la nyingine. Katika kisa hiki ya kwanza ilifanyika vizuri kuliko tunavyoona kawaida, ya tatu ilifanyika, ya pili ikasahauliwa kabisa.

*Rejista.* Kitu kilichomwokoa dereva ni mstari mmoja wenye saa. PV ya mahojiano ya asubuhi ilisema tu kwamba "aliondoka mahali pa ajali". Haikusema aliondoka saa ngapi, kwenda wapi, wala kwa nini. Dereva alisomewa mara moja, akasaini. Alikuwa na haki ya kusomewa polepole kwa Kiswahili, kuomba sentensi iongezwe kabla ya kusaini, na kuwa na mtetezi tangu kwa polisi. Katiba ya 2006 inaitaja haki hiyo ya mwisho kwenye kifungu cha 19. Na ajue pia kifungu cha 18: polisi hawamshikilii mtu zaidi ya saa 48 bila kumpeleka mbele ya mamlaka ya mahakama. Kwa hiyo anayelazimika kuondoka kwa hofu ya umati aende kituo cha karibu kabisa, si cha karibu na nyumbani kwake, na asitoke hapo kabla hajaona kwa macho yake kwamba saa imeandikwa. Akipita kwanza nyumbani kumwarifu mke, hata kwa robo saa, ameharibu utetezi wake wote.

Jambo la pili lililofanya kazi ni kwamba gari halikuachwa peke yake. Msaidizi alibaki, akajitambulisha kwa polisi, akaonyesha picha. Dereva anayetembea bila mtu ampe mtu mwingine namba yake ya simu mbele ya mashahidi kabla ya kuondoka, muuza duka au mwenye kioski.

*Kroki.* Hapa ndipo kesi ilipopungua nguvu. Swali lote lilikuwa moja: pikipiki ilikuwa wapi ilipogongwa, na je, gari lilikuwa limewasha taa ya kona? Usukani ukiwa kulia, kioo cha pembeni cha kushoto kiko mbali na jicho la dereva, na pikipiki iliyobanwa karibu na mlango wa nyuma haionekani kwa urahisi. Hilo halimwondolei dereva kosa. Linamwongezea wajibu wa kutazama mara mbili, na mahakama ilisema hivyo. Lakini kama magurudumu yangewekewa alama, kroki ingeonyesha gari lilikuwa limepinda kiasi gani. Kupinda kidogo kunamaanisha motari alikuwa na nafasi ya kuona na kusimama. Kupinda sana kunamaanisha alikatiwa njia ghafla. Vipande vya kioo kwenye picha ya msaidizi vilionekana ng'ambo ya mstari wa katikati, na hivyo ndivyo vilivyompa motari theluthi yake. Muuza unite alisema aliiona taa ikiwakawaka. Bila watu hawa wawili, dereva angebeba kosa lote.

Gari likilazimika kusogezwa, iwe kwa majeruhi aliye chini yake au kwa barabara iliyofungwa, kazi ya dakika mbili inatosha: kipande cha tofali, chaki au hata msumari, chora kwenye lami pale kila gurudumu linapogusa, magurudumu yote manne. Halafu picha: moja kutoka mbali ikionyesha barabara nzima na kitu kisichohama, kama nguzo ya umeme ya SNEL, kwa sababu polisi hupima kroki kuanzia kitu cha namna hiyo, moja kila upande, vipande na alama za breki, namba za vyombo vyote viwili. Pembetatu ya tahadhari iwekwe nyuma kabla ya yote hayo. Jioni ya mvua, gari la pili kuingia kwenye ajali ya kwanza ni jambo la kawaida kuliko watu wanavyodhani.

*Aliyesema haumwi.* Mama alisema yuko mzima na kila mtu akamwamini, kwa kuwa ilikuwa rahisi kumwamini. Aliyepigwa kichwa anaweza kutembea, kucheka na kula kwa siku kadhaa kabla damu haijajionyesha. Njia sahihi ni kuomba OPJ (ofisa wa polisi wa upelelezi) atoe rekizisyo, yaani agizo rasmi la uchunguzi, kwa daktari kwa kila aliyekuwa kwenye chombo, awe amelala au amesimama, na cheti cha daktari kiingie kwenye jalada. Hii inamlinda mama. Inamlinda pia dereva: kama uchunguzi wa usiku ule ungeandikwa, hakuna ambaye angemshutumu kwamba alimtelekeza. Kama mama yule angefariki, mashtaka yangehama kutoka kifungu cha 54, ambacho kikomo chake ni kifungo cha mwaka mmoja, kwenda cha 53, kinachofika miaka miwili. Na anayedhani kimya cha wiki mbili kinamaanisha mambo yamekwisha akumbuke kwamba kujeruhi bila kukusudia kunaweza kushtakiwa hadi mwaka mmoja upite, na kuua bila kukusudia hadi mitatu.

*Karatasi ya mapatano.* Kumsaidia majeruhi kwa dawa si kosa, na kwenye mji ambapo hospitali hudai malipo kwanza, mara nyingi ndiyo njia pekee ya mguu wa mtu kufungwa usiku huo. Tatizo ni namna. Risiti iwe na jina la anayelipa, na iandikwe "msaada wa matibabu, bila kukiri kosa". Neno "nakubali kosa" lisiandikwe na yeyote kabla bima haijajibu. Mapatano yasainiwe na majeruhi mwenyewe, au na mtu aliyepewa idhini ya maandishi, yawataje majeruhi wote kwa majina, na nakala iende kwenye jalada. Hata yakiwa safi namna hiyo, yanamaliza fidia tu. Mashtaka ya jinai ni mali ya parke, wala kaka wa mtu hana uwezo wa kuyafuta.

*Barua ya bima.* Simu haitoshi. Barua ibebe namba ya mkataba, namba ya gari, tarehe, saa na mahali, jina la dereva na namba ya permi, majina ya majeruhi na hospitali, kituo cha polisi kilichofika, namba ya PV kama imeshatoka, mashahidi na simu zao, na maelezo ya tukio bila kumhukumu yeyote. Ipelekwe nakala mbili. Moja irudi na mhuri na tarehe ya kupokelewa. Namba ya PV ikichelewa, usiisubiri: peleka barua, namba utaiongeza baadaye. Wengi wanaochelewa walikuwa wanasubiri karatasi moja ikamilike. Fomu ya pamoja inayojazwa na madereva wawili ni ya bati na taa zilizovunjika tu. Penye mtu aliyeumia haichukui nafasi ya polisi.

Kontrole teknike iliyokwisha muda ililetea faini yake ya pembeni na si zaidi, kwa kuwa hakuna aliyedai breki au taa zilikuwa mbovu. Kama gari lingeshindwa kusimama, wiki zile tatu zingekuwa habari kubwa.

Kuna mtu mmoja ambaye hakuna aliyemfikiria hadi miezi miwili baada ya hukumu: mwenye pikipiki. Motari alikuwa anaikodi kwa malipo ya kila siku, na tajiri yake hakuwa kwenye mapatano, hakuitwa mahakamani, wala hakutajwa kwenye barua kwa bima. Alikuja dukani na hesabu ya fremu iliyopinda na uma wa mbele. Kwa kuwa kosa lilikuwa limeshagawanywa na mahakama, wakili alimpendekezea theluthi mbili ya gharama kwa risiti za gereji, na safari hii barua kwa bima ilitangulia kabla ya senti yoyote kutoka.